Orodha Iliyosahau Uji wa Lishe: Uhakiki wa "Mlo Usio na Gluteni" Ukisomewa Kimbiji

Mbele yangu kuna karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Kichwa chake ni "Mlo usio na gluteni". Kushoto kuna safu ya "Ruhusa", kulia kuna safu ya "Marufuku". Shangazi yangu anayeishi Kimbiji alipewa karatasi hizi hospitali, siku binti yake wa miaka tisa alipoambiwa ana ugonjwa wa seliaki. Akazifuata neno kwa neno kwa miezi minne. Mtoto akaendelea kuharisha, tumbo likaendelea kujaa gesi, na uzito haukupanda.

Kliniki wakaanza kumuuliza kama kweli anafuata masharti. Shangazi akaapa kwamba anafuata. Nilipokwenda kumsalimia, nikazisoma karatasi zile nikiwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi jikoni kwake, nikagundua kwamba hakuna aliyekuwa anadanganya. Masharti yalifuatwa kama yalivyoandikwa. Tatizo lilikuwa ni namna yalivyoandikwa.

Kwa hiyo leo sihakiki kitabu wala utafiti mpya. Nahakiki karatasi mbili. Wewe msomaji unaweza kuona ni jambo dogo, lakini hebu fikiria: ni maandishi gani mengine ya sayansi ambayo mtu huyasoma kila siku, akayatii, na afya ya mwanawe ikategemea kila neno lililomo? (Mimi ni mtafiti wa sayansi ya chakula, si daktari. Kwa matibabu yako, muone daktari.)

Seliaki kwa ufupi

Gluteni ni jina la kundi la protini zilizomo kwenye ngano, na ndugu zake wa karibu wamo kwenye shayiri na nafaka ya rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Protini hizi ni ngumu kumeng'enywa zikaisha, hivyo vipande vyake hufika kwenye utumbo mwembamba vikiwa bado virefu. Kwa watu wengi vinapita bila madhara. Kwa mwenye seliaki, kimeng'enya cha mwili kiitwacho transglutaminasi huvibadilisha vipande hivyo kidogo, na kinga ya mwili huviona kama adui. Inavishambulia, na katika vita hiyo inaharibu utumbo wenyewe.

Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyweleo vingi vinavyofyonza chakula. Vikilainika na kuwa bapa kama zulia lililochakaa, mtu anakula lakini hashibishi mwili. Matokeo yake ni kuharisha, kudumaa, upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, mifupa dhaifu, vidonda vya mdomo, na kwa wengine ugumba. Wapo pia wasioharisha kabisa. Dawa ya kumeza inayotibu ugonjwa huu haijapatikana bado. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Sasa umeona kwa nini karatasi ile ni nzito. Kwa mgonjwa wa malaria, karatasi inaambatana na dawa. Kwa mgonjwa wa seliaki, karatasi ndiyo dawa yenyewe.

Ilichofanya vizuri

Tuwe wa haki. Kisayansi, karatasi haina uongo. Ngano, shayiri na rai ni marufuku kweli. Mchele, mahindi, viazi, samaki, nyama, mayai, maharage na matunda ni ruhusa kweli. Imetaja bia za shayiri, imetaja sosi ya soya, ambayo wengi hawajui kwamba mara nyingi hutengenezwa kwa ngano. Na aliyeitafsiri kwa Kiswahili alijitahidi, kwa sababu maelezo mengi ya ugonjwa huu hayapo kabisa kwa lugha yetu.

Lakini alitafsiri maneno, hakutafsiri jiko.

Chini ya "Ruhusa" kuna kwinoa, unga wa lozi, tambi za mahindi na "mkate maalumu wenye alama ya suke lililokatwa mstari". Shangazi hajawahi kuiona kwinoa, na mimi niliyesomea chakula nimeila mara moja tu. Mkate wenye alama ile, akiutaka, itabidi apande daladala hadi Kigamboni, avuke kwa pantoni, apande gari jingine mpaka kwenye supamaketi za watu wenye uwezo, na bei ya mkate mmoja inatosha kununua kilo kadhaa za sembe. Alikwenda mara mbili. Mara ya tatu nauli haikupatikana, akajiona ameshindwa kumtibu mwanawe.

Chini ya "Marufuku" kuna kuskusi, bulguri na seitani. Hakuna chapati. Hakuna maandazi, sambusa, kalimati wala visheti. Hakuna tambi zetu za sukari za futari, ambazo ni ngano tupu. Hakuna urojo, ambao uzito wake hutokana na unga wa ngano. Na pale ilipoandikwa "rai", shangazi aliniuliza: "Mwanangu, rai si ushauri? Sasa inaliwaje?"

Tulicheka. Ila kuna maneno mengine mawili ambayo hayachekeshi.

"Unga" na "mkate"

Mstari wa tatu wa marufuku unasema: "Unga na vyakula vya unga." Aliyeandika alikuwa na unga wa ngano akilini, maana kwao ukisema unga bila kuongeza neno, ni ngano. Kwetu sivyo. Ukimtuma mtoto dukani "kanunue unga kilo moja", atarudi na sembe. Unga wa chapati ndio unaohitaji kutajwa kwa jina lake lote: unga wa ngano.

Kwa hiyo shangazi akamkataza mtoto ugali. Wa mahindi, wa muhogo, wote. Chakula salama kabisa, cha bei nafuu kuliko vyote nyumbani kwake, kikaondolewa na neno moja. Ukabaki wali, mchana na usiku, na mchele unajua bei yake.

Mstari wa nne unasema "mkate". Ukaondoka mkate wa kumimina, unaopikwa kwa mchele, nazi, sukari na hamira. Ukitengenezwa hivyo hauna gluteni hata chembe. Umeitwa mkate tu.

Na upande wa ruhusa kuna mstari unaosema "uji wa nafaka". Hapo ndipo kosa kubwa lilipo.

Uji wa lishe

Mtoto akikonda, kitu cha kwanza ambacho kila mtu mwenye huruma atamshauri mama ni nini? Uji wa lishe. Jirani atasema, bibi atasema, mwalimu atasema. Shangazi alikuwa akimpa binti yake kikombe kikubwa kila asubuhi, na siku hali ikiwa mbaya alimwongezea cha jioni.

Nikamwomba anionyeshe unga wenyewe. Alikuwa ameununua sokoni, umefungwa kwenye mfuko usio na maandishi. Tukamuuliza muuzaji ameweka nini. Akahesabu kwa vidole, kwa fahari kabisa: mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, mchele, na ngano nzima.

Kila muuzaji ana mchanganyiko wake, na wengi huweka ngano kwa sababu inaaminika kuongeza nguvu. Kwa mtoto mwingine yeyote huo ni uji mzuri. Kwa mtoto huyu, kila kikombe kilikuwa kinaunguza utumbo ule ule ambao mama yake alikuwa anajaribu kuuponya. Kadiri alivyokonda ndivyo alivyoongezewa uji, na kadiri alivyoongezewa uji ndivyo alivyokonda.

Hili ndilo lawama langu kubwa kwa karatasi. Kusahau chapati kunasameheka, kwa sababu mtu mzima anajua chapati ni ngano. Uji wa lishe unajificha, na unajificha nyuma ya neno zuri. Mwongozo wowote wa seliaki unaotolewa Tanzania bila kutaja uji wa lishe haujamaliza kazi yake.

"Kidogo" ni kiasi gani?

Karatasi inasema "epuka hata kiasi kidogo", bila kusema kidogo ni kiasi gani wala kwa nini. Mtu akiambiwa hivyo bila sababu, huona ni maneno ya kutishana tu.

Hebu tupige hesabu. Utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa waliokwisha pona kiasi cha miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa miezi mitatu, na utumbo wao ukaonyesha dalili za kuharibika. Unga wa ngano una gluteni inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa hiyo miligramu 50 za gluteni zinapatikana kwenye nusu gramu hivi ya unga. Kijiko cha chai cha unga kina uzito wa gramu 3 hivi. Maana yake, sehemu ya sita ya kijiko cha chai, kila siku, inatosha kuleta madhara.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa za chakula, yaani Codex, zimeweka mpaka wa miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo ya chakula kinachoitwa kisicho na gluteni. Ukila nusu kilo ya chakula cha namna hiyo kwa siku, umepata miligramu 10 tu. Uko salama.

Ukishaijua hesabu hii, jiko lote unaliona upya. Vitumbua ni vya mchele, sawa, lakini je, muuzaji ameongeza ngano kidogo vishikane? Bajia ni za kunde au dengu, lakini zimekaangwa kwenye mafuta yaliyotoka maandazi sasa hivi? Samaki wa kukaanga, hapa pwani chakula chetu cha kila siku, amepakwa unga kabla ya kuingia kwenye karai? Na mashine ya kusaga: aliyetangulia kabla yako alisaga nini? Kama alisaga lishe yenye ngano, unga wako wa kwanza kutoka unabeba mabaki yake. Karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua unga wa pakiti haiwezi kuyawaza haya.

Orodha bila sababu: somo la ndizi

Labda utasema nakuza mambo, orodha ni orodha, mtu afuate tu. Historia ya ugonjwa huu inakataa.

Mwaka 1924, daktari wa New York aitwaye Sidney Haas alichapisha habari za watoto 10 wenye seliaki. Wanane kati yao aliwalisha ndizi mbivu kwa wingi, akawakataza mkate, biskuti, viazi na nafaka zote. Wote wanane wakapata nafuu. Kwa miaka mingi ndizi ikaonekana dawa. Orodha yake ilifanya kazi kweli, ila sababu aliyoamini haikuwa sahihi: alidhani adui ni wanga kwa jumla, na kwamba mtoto akishapona anaweza kurudia kula kama wenzake. Kwa hiyo watoto walirudishiwa ngano, na ugonjwa ukaendelea kimyakimya.

Aliyepata sababu ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alianza kuishuku ngano kabla ya Vita ya Pili ya Dunia. Njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika Uholanzi, ikaendana na alichokuwa amekwisha kuona: watoto wa seliaki hawakuzidiwa, na ngano iliporudi, dalili zikarudi. Mwaka 1950 aliwasilisha tasnifu yake, na wenzake wakaonyesha kwamba kiini ni gluteni.

Angalia tofauti. Orodha ya Haas ilikataza viazi bila haja na ikaruhusu ngano irudi. Karatasi ya shangazi ilikataza ugali bila haja na ikaruhusu ngano ipite kwenye uji. Miaka mia moja imepita, kosa ni lile lile: mgonjwa anapewa orodha bila kupewa sababu, na orodha ikikutana na chakula isichokijua, inabaki bubu.

"Huo si ugonjwa wa Wazungu?"

Swali hili shangazi aliulizwa na majirani, na baadhi yao waliona mtoto anaringa tu akikataa andazi la watu. Kuna chembe ya ukweli ndani yake. Ili mtu apate seliaki, karibu kila mara lazima awe na jeni za HLA-DQ2 au HLA-DQ8, na hizo hazijagawanyika sawa duniani. Pia vyakula vya asili vya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki havina gluteni.

Lakini kugeuza hilo kuwa "Mwafrika hapati" ni kosa. Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto 990 wa Sahara Magharibi: asilimia 5.6 walikuwa na seliaki, kiwango kinachozidi cha Ulaya mara kadhaa. Uchambuzi wa tafiti za dunia uliotoka mwaka 2018 ulikadiria asilimia 0.7 ya watu wote kwa kipimo cha nyama ya utumbo, na 0.5 kwa Afrika. Takwimu hizo za Afrika zilitoka hasa kaskazini mwa bara. Kwetu, mtoto anayeharisha na kudumaa anafikiriwa kwanza kuwa na minyoo, amiba, kifua kikuu au utapiamlo. Si vibaya, maana hayo ndiyo ya kawaida: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Tatizo ni kwamba asiyepimwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa tunasema hayupo.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na linakua mitandaoni: kwamba ngano ni sumu kwa kila mtu, iache leo. Usifanye hivyo kabla ya kupima. Kipimo cha damu cha seliaki kinatafuta kingamwili dhidi ya transglutaminasi, na kingamwili hizo hupungua ukiacha gluteni. Ukiacha ngano miezi kadhaa kisha ukaenda kupima, majibu yanaweza kusema huna kitu wakati unacho. Hata picha ya utumbo peke yake inaweza kupotosha, kwa sababu maambukizi ya mara kwa mara kwenye mazingira machafu nayo hulainisha vijinyweleo. Kipimo cha damu, kamera ya tumboni na historia ya mgonjwa vinasomwa pamoja.

Na kuna gharama nyingine ambayo karatasi haikuigusa. Tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani Tanzania unaongezwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Anayeuacha, akahamia unga wa mashine ya mtaani, anapoteza nyongeza hiyo, naye tayari damu yake ni pungufu. Lazima aambiwe atazipata wapi: dagaa, maharage, kunde, mchicha, matembele, kisamvu, mayai.

Karatasi ya Kimbiji

Siku ile tuligeuza karatasi upande wa nyuma, tukaandika upya kwa kalamu. Ruhusa: ugali wa sembe, wa dona, wa mtama, wa muhogo, wali, mihogo, magimbi, viazi vitamu na ndizi za nazi, mkate wa kumimina na vitumbua vya nyumbani, samaki wa kuchemsha au wa kukaangwa kwenye mafuta yetu wenyewe. Tukaongeza tahadhari moja: muhogo mchungu uandaliwe vizuri, kwa sababu muhogo wenye sumu nyingi ya sianidi umewahi kupoozesha watu miguu huko Tarime miaka ya 1980. Marufuku: kila chenye ngano, kwa majina yake ya hapa, kuanzia chapati hadi tambi. Uji wa lishe: tuchanganye wenyewe, bila ngano, na mashineni tusubiri wanaosaga mahindi matupu watangulie.

Mwishoni tukaandika maswali manne ambayo mtoto mwenyewe ameyakariri. Kimechanganywa na nini? Kimesagwa wapi? Kimekaangwa kwenye mafuta gani? Kimepakuliwa kwa kijiko cha nini? Maswali haya yanafanya kazi shuleni, kwenye shughuli, kwenye futari, na hata siku akihamia mji ambao sisi hatuujui.

Shangazi aliposoma upande ule wa ruhusa, alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia: "Kumbe dawa ilikuwa shambani. Mie nikawa naitafuta ng'ambo ya pantoni."

Wiki ya tatu bila uji ule, kuharisha kulikoma. Utumbo kupona kabisa huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na kipimo cha damu atarudia. Lakini karatasi yetu ameipeleka kliniki, na muuguzi ameomba nakala.

Kwa hiyo ombi langu ni kwako wewe unayesomea uuguzi, lishe au udaktari, na kesho utakabidhi mtu karatasi kama ile. Kabla hujaitoa, isome ukiwa jikoni kwake. Kama huwezi kufika, muulize swali moja tu: "Mama, asubuhi mtoto anakunywa nini?"